Magunia Manne ya Mzee Ramazani

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha, tulimzika shangazi yangu, Mama Feza. Siku ya tatu ya kilio, mwanamke wa makamo aliyejitanda ushungi mweupe alivua viatu mlangoni, akaketi karibu nami kwenye mkeka, akapokea kikombe cha chai na kukaa nacho muda mrefu bila kunywa. Aliniambia yeye ni mjukuu wa Mzee Ramazani, yule aliyekuwa na duka kule Kataki, mtaa wa Kalemie, zamani za Zaire. Hakumjua marehemu uso kwa uso, lakini jina lake alilisikia nyumbani kwao tangu utotoni, kwa sababu babu yake, kila alipotaka kuwafundisha wajukuu maana ya deni, aliwasimulia habari ya mama mmoja Mkristo na magunia manne ya unga. "Babu alisema kulikuwa mutoto mumoja ndani ya ile habari, alidanganya," akaniambia. "Tulimuuliza jina lake mara mingi, hakulisema." Nikamwambia anywe chai, itapoa. Nimepita miaka hamsini, nina wajukuu, nimefundisha shule muda mrefu na kuwaadhibu watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko ule, na bado sikuweza kumwambia yule mama kwamba mtoto huyo ni mimi. Ndiyo maana nimekaa leo kuuandika mwaka ule.

Nilishuka kwenye treni ya Nyunzu nikiwa na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na miaka kumi na minane, nimekuja Kalemie kumaliza mwaka wa sita wa sekondari. Nyumba ya Mama Feza ilikuwa na vyumba vitatu na jiko la nje lenye bati lililotoboka. Chumba nilichopewa kilikuwa cha watoto wake watatu, mimi wa nne, na pia kilikuwa chumba cha ndagala. Magunia ya samaki hao wadogo waliokaushwa yalipangwa ukutani hadi usawa wa dirisha, na harufu yake iliingia kwenye godoro, kwenye vitabu, kwenye blauzi nyeupe ya shule. Wiki ya pili wenzangu darasani waliniita Mademwazeli Ndagala, nami nikaitika, maana jina la utani ukilikataa ndiyo umelipokea. Papa Feza, mume wa shangazi, alikuwa karani bandarini. Hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi tisa, lakini kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi ya makaa, akaenda kazini kwa miguu, kwa sababu asiyefika alifutwa kwenye orodha, na aliyefutwa hata ile miezi tisa hakuweza kuidai tena. Ndani ya miezi hiyo alikuwa ameugua homa ya matumbo akalazwa wiki tano, na wakati amelazwa nyumba ilikula kwa mkopo. Walidaiwa kodi ya miezi saba. Walidaiwa na muuguzi aliyemchoma sindano. Na walidaiwa na Mzee Ramazani magunia manne ya unga wa mahindi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini katika nyumba ile sikusikia kwamba hata kukopa kulikuwa na ngoma.

Nilidhani nitakuta watu wanyonge. Badala yake nilimkuta mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayecheka kwa pua, ambaye aliendesha umaskini ule kama vile amepewa cheo cha kuuendesha. Tulikula mara moja kwa siku, saa kumi kamili, wote tukiwa tumeketi, hakuna aliyekula amesimama wala aliyekula kando. Bukari, ndiyo ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala zile zilizovunjika vichwa, ambazo mnunuzi angezikataa. Jumapili tulipata mgebuka mmoja, samaki wa ziwani, wa kugawana sisi sote, na yeye ndiye aliyegawa, kwa mkono, bila kisu, na katika mwaka mzima sikumsikia mtoto akilalamika kwamba kipande cha mwenzake ni kikubwa. Sukari ilikuwa ya mgonjwa tu. Sabuni ilikatwa kwa uzi vipande sita, kila kipande kikajua siku zake. Akifanya hayo yote alikuwa anaongea, anatania, anamuuliza Papa Feza kama bosi wake bado ananenepa. Mimi nimeongoza nyumba yangu miaka mingi kwa mshahara ulioingia, na sikuwahi hata mwezi mmoja kufikia utulivu ule.

Fedha hakuiamini kabisa. Lazima nimweleze kijana wa leo kwamba katika miaka ile ya mwisho ya Zaire noti, ambazo nazo ziliitwa zaire, zilikuwa na sufuri nyingi mpaka wauzaji sokoni walizifunga kwa raba na kuzipima kwa macho, na bei ya asubuhi haikuwa bei ya mchana. Waswahili husema akiba haiozi. Sisi tuliiona ikioza ndani ya sanduku. Kwa hiyo Mama Feza hakuweka akiba ya karatasi. Alfajiri alishuka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mto Lukuga, akanunua ndagala mbichi kwa wavuvi, akazianika mchangani, akazijaza kwenye magunia, na siku ya treni akazibadilisha na wafanyabiashara wa Nyunzu, gunia moja la ndagala kwa mawili ya mahindi. Mahindi yakasagwa, unga ukawa kodi, unga ukawa dawa, unga ukawa minerval, yaani ada yangu ya shule ya muhula wa kwanza. Madeni yake aliyaandika kwenye kaye moja, daftari lenye jalada la bluu, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne, na mle hakuna mahali alipoandika zaire hata moja. Aliandika vitu. Sindano kumi na mbili. Unga, magunia manne.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa Jumamosi. Mji mzima ulikuwa unadaiwa, na mji mzima ulijua njia za kuzunguka nyuma ya soko ili usionekane na wanaoudai. Mama Feza alifanya kinyume. Kila Jumamosi asubuhi alioga, akajifunga kikwembe chake kizuri, akanichukua mimi, na tukaenda kuwasalimia wote wanaomdai, mmoja baada ya mwingine. Hakwenda kulipa. Alikwenda kuonekana. Kwa mwenye nyumba alikaa kidogo, kwa muuguzi kidogo zaidi, na kwa Mzee Ramazani alikaa hata saa nzima, maana Mzee alimtolea kiti na kumwagizia kahawa ya tangawizi. Mimi nilisimama karibu na mizani nikisikiliza. Waliongea habari za treni iliyokwama, za bei ya chumvi kutoka Kigoma, za goti lake Mzee na meno ya mtoto wa mwisho. Deni halikutajwa, na halikusahauliwa. Nilipomuuliza njiani kwa nini anajitesa hivi, alijibu kwamba mtu unayemdai ukimwona kila wiki hubaki mtu, ukikaa miezi hujamwona anageuka mwizi, na yeye hakutaka kumpa Mzee kazi ya kumfikiria mwizi.

Mwenye nyumba alilipwa kwanza kwa sababu ndiye angeweza kututoa nje. Muuguzi akafuata, kwa sababu tungemhitaji tena. Mzee Ramazani aliwekwa wa mwisho kwa sababu hakuwahi kudai. "Mwenye kungojea tutamulipa nyuma," alisema Mama Feza, "lakini tutamulipa muzuri." Hivyo ilipofika mwezi wa pili, deni lilikuwa limebaki moja tu, yale magunia manne, na nyumba ilianza kupumua. Nakumbuka Papa Feza siku moja aliimba akinyoa ndevu.

Mwezi huo ndio prefe, mkuu wa shule, alipotutangazia pesa ya mtihani wa Leta, ule wa taifa wa kumaliza sekondari. Asiyelipa kabla ya Jumatatu jina lake halitapelekwa, na asiyepelekwa jina angerudi mwaka ujao. Mama Feza aliniambia ndagala zilizokuwa chumbani, magunia mawili, ni za kumaliza deni la Mzee. Za mtihani wangu zingetoka kwenye mzigo unaofuata, na Jumatatu yeye mwenyewe angekwenda kumsalimia prefe. Nilimjua prefe, nami sikuona salamu gani ingemlainisha. Nikafanya hesabu, maana nilikuwa mwanafunzi mzuri wa hesabu na nilijivunia. Jumamosi moja dukani, Mzee alipofungua kitabu chake kumwandikia mteja mwingine, nilikuwa nimeona ukurasa wetu. Yeye aliandika kwa zaire. Deni letu lilikuwa limeandikwa kwa bei ya mwaka uliopita, na kwa bei ya siku ile fedha hizo hazikutosha hata nusu ya gunia moja. Magunia manne yalikuwa yameyeyuka yenyewe kitabuni, bila mtu kugusa kitu. Nilihisi nimegundua dhahabu. Wakati wa chakula nikaeleza yote, kwa ufasaha, kwamba tukiuza ndagala kwa pesa tunamlipa Mzee kile alichoandika kwa mkono wake, tunalipa mtihani, na chenji inabaki. Tena Mzee ni Mwislamu, nikaongeza, kuomba zaidi ya alichoandika ataita riba, hawezi kuomba.

Papa Feza alitazama sahani. Nadhani alikuwa amefikia hesabu hiyohiyo peke yake, akanyamaza. Mama Feza aliosha mkono polepole. "Tulikula unga, Ngoie," alisema. "Hatukukula kitabu." Kisha akanigawia sombe iliyobaki, na mazungumzo yakaisha. Nilikasirika mpaka machozi. Niliona mwanamke asiyesoma anautupa mwaka wangu kwa ajili ya ushamba, na duka lile, niliwaza, lina mali. Sikuwahi kutazama rafu zake. Rafu zilikuwa zimebaki na chumvi, viberiti na makopo machache yenye kutu, kwa sababu nusu ya Kataki ilikuwa imefanya hesabu kama yangu na kumlipa kwa karatasi.

Siku ya treni, Ijumaa, mtoto wa mwisho aliamka na homa. Mama Feza akampeleka dispensari, akanituma mimi stesheni na magunia mawili juu ya puspus, mkokoteni wa kusukuma, nibadilishane na mama mmoja wa Nyunzu aliyekuwa na magunia manne ya mahindi. Nilimkuta yule mama ameketi juu ya mahindi yake ananingojea. Nilimkuta pia mfanyabiashara wa Lubumbashi, amevaa miwani, anatafuta ndagala kwa noti mpya zilizofungwa kwa raba. Sikusitasita hata dakika tano, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ningependa kuandika kwamba nilipigana na moyo wangu. Niliuza. Nikamwambia mama wa Nyunzu kwamba shangazi amebadili shauri, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee, nikamwekea mezani kile kilichoandikwa kitabuni, bila kupungua wala kuzidi.

Mzee Ramazani hakuzigusa noti. Alivaa miwani, akatazama ukurasa, akanitazama mimi.

"Mama Feza anajua kama ulikuja?"

"Anajua, Mzee. Njo yeye alinituma."

Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina letu, taratibu, akitumia rula. Halafu akasema, si kwangu, labda kwa zile rafu, "Hata yeye." Akazifagia noti kwa kiganja ndani ya mtoto wa meza na kumwita mteja aliyefuata. Nilitoka nikiwa na furaha, nikaenda shuleni, nikalipa mtihani, nikapewa risiti yenye muhuri wa zambarau. Maneno yale mawili nilikuwa nimeyasikia vizuri kabisa. Niliamua hayana maana.

Nilimwambia Mama Feza yote isipokuwa uongo. Nilisema nimeuza, nimelipa, hii risiti, hii chenji. Alikuwa anamkanda mtoto kwa maji, na mkono wake ulisimama. Nilingojea anipige, na ningependa angenipiga. Aliuliza swali moja tu, Mzee alisema nini, nami nikajibu hakusema kitu. Papa Feza ndiye aliyezungumza. Alisema labda mtoto aende kuomba pesa zirudishwe shuleni. Mama Feza alikataa. Mtihani wangu niufanye, alisema, na jambo la Mzee ni lake yeye. Jumamosi hiyo hatukwenda kumsalimia mtu, kwa sababu mtoto bado alikuwa na homa. Jumatatu alifungua sanduku lake la mbao na kutoa vikwembe vitatu vya waksi alivyoletewa siku ya mahari yake, vikiwa bado na gundi ya kiwandani, havijawahi kushonwa. Nilimwona anavikunjua kimoja kimoja kitandani, anapitisha kiganja, anavikunja tena. Akavifunga kwenye kitambaa, akapanda treni mwenyewe mpaka Nyunzu. Alirudi baada ya siku tisa, kwa sababu treni ilikwama njiani, amekonda, na magunia manne ya mahindi. Akayapeleka kinuni siku hiyohiyo. Sikujua nimtazame vipi. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hiyo nilikuwa nimeiandikia insha nikapata alama nzuri, na siku ile ndipo nilipoiona ikishuka stesheni na vumbi miguuni.

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri tulisukuma puspus mpaka dukani, yeye mbele, mimi nyuma nikisukuma unga. Mzee alikuwa mlangoni. Alijibu salamu kwa adabu zote, akauliza habari za nyumbani, habari za watoto, lakini hakumtolea kiti wala hakuagiza kahawa. Mama Feza alibaki amesimama juani, kikwembe chake cha Jumamosi kimejaa unga. Watu wawili watatu waliokuwa wananunua chumvi wakageuka kutazama. Alieleza kwamba ameleta deni lake. Mzee akajibu hana deni, limekwisha, kitabu kimefungwa, na akichukua gunia hata moja juu ya kilicholipwa itakuwa riba, na yeye katika umri wake hataki kukutana na Mungu na riba. Mama Feza akatoa ile kaye ya bluu, akamwonyesha: unga, magunia manne, wala hakuna zaire hapa. Mzee hakutazama kaye. Hapo nilielewa kwamba riba ilikuwa kisingizio, na kwamba kitu kingine ndicho kilichokuwa kimemkaa kooni.

"Wengine walinilipa karatasi, nilinyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe nilijisemea hapana, si yeye. Mutoto alikuja, nilimuuliza kama unajua. Alisema njo wewe ulimutuma."

Mama Feza aligeuka akanitazama. Hakunitazama muda mrefu, labda kwa muda wa kuvuta pumzi moja, lakini katika muda huo aliona uongo wangu wote, ule wa dukani na ule wa nyumbani, na nikaona kwamba ameuona. Alikuwa ametoa vikwembe vya mahari yake ili jina lake lisimame mbele ya mzee huyu. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa kweli, na lingemrudishia yote. Akarudi kumtazama Mzee.

"Kama mutoto alisema nilimutuma," akasema, "basi nilimutuma. Unisamehe, Mzee. Leo nimeleta unga."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile. Nimeona vita vikipita, nimeona fedha zikibadilishwa majina, nimeona watu wakubwa wakiapa mbele ya umati. Sijaona kitu kikubwa kuliko mwanamke yule mfupi akijivika aibu yangu mchana kweupe, mbele ya wanunuzi wa chumvi, bila kupepesa jicho. Sikuwa na ushujaa wowote, wala nisijisifu. Ilikuwa tu kwamba sikuweza kusimama karibu naye dakika moja zaidi na lile neno mdomoni. Nikasema, "Hakujua, Mzee. Nilidanganya. Nilimudanganya na yeye pia."

Mzee Ramazani alivua miwani. Alikaa juu ya kreti tupu iliyokuwa mlangoni, akajifuta uso kwa kofia yake, na nikaona analia, mzee mzima, akitabasamu. Alisema Alhamdulillahi mara tatu. Alisema tangu siku ile chakula hakikumpita vizuri, na si kwa sababu ya unga. Kisha akaingia ndani, akatoa zile noti zangu kwenye mtoto wa meza, zilezile, akanihesabia mkononi. Kwa bei ya siku hiyo zilitosha kununua kipande kimoja cha sabuni. Unga atapokea, alisema, aliyeazima unga akirudisha unga hakuna riba hapo. Lakini alibaki anamtazama Mama Feza kwa mshangao uleule niliokuwa nao mimi, na mwisho akamuuliza.

"Mama Feza, sasa kwa nini ulibeba neno lisilo lako?"

Yeye alikuwa tayari ameinama kwenye puspus, anafungua kamba.

"Njo lipi lisilo langu, Mzee?" alisema. "Ni mutoto wangu. Deni yake njo deni yangu."